Gari Lisilolala

Watu wa Rubwera wanasema mimi, Isihaka fundi umeme wa magari, nilitaka kuvunja uchumba wa Yustus kwa mdomo wangu. Waseme. Ni watu haohao wanaoniletea gari na kuapa kwamba limezimika tu lenyewe, nami nikifungua boneti nakuta panya amezaa juu ya betri. Mimi sikukusudia kuvunja uchumba wa mtu. Nilisema Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, na hilo ndilo kosa langu.

Babu yangu mzaa baba alitoka Pangani na mzigo wa kanga, akafika huku akauza, akaoa, akasahau kurudi. Bahari mimi nimeiona mara moja tu, nilipokwenda Dar es Salaam kutafuta vipuri, na sikupata muda wa kuitazama vizuri. Lakini Kiswahili cha babu nilikirithi, na katika wilaya ambayo watu huota ndoto zao kwa Kinyambo na Kihaya, mwenye Kiswahili cha kurithi hujiona ana shamba ambalo wenzake hawana. Mke wangu Shadya anasema najiona mno. Shadya hakosei, na ndiyo maana ni kazi kuishi naye.

Mteja wangu katika habari hii ni Bwana Gaudiosus, mtu wa Muleba, mtumishi wa masijala. Kazi yake ni kutunza mafaili, na kazi hiyo imemwingia hata nyumbani: sukari ina kufuli, kabati la vikombe lina kufuli. Anapenda methali kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kila Jumatatu huandika moja kwa chaki nyuma ya mlango wa ofisi yake, na wiki nzima anaishi nayo.

Mwaka jana alinunua gari dogo la Kijapani, lile la kuwasha kwa kubonyeza kitufe. Funguo yake haina meno. Ni kidude cheusi cha plastiki. Ukiwa nacho mfukoni gari linakutambua lenyewe, linafungua mlango na kukusalimia kwa Kijapani. Gaudiosus huliitikia "marahaba."

Kuendesha, kwa kweli, hajui sana. Alijifunza ukubwani, na kurudi nyuma hakukumwingia kabisa. Aliyekuwa akimwendesha ni Yustus, mdogo wa mkewe. Mke ni Kokuhirwa, ambaye sisi majirani humwita Mama Edgar. Yustus ana miaka thelathini na mmoja, anafundisha hesabu shule ya msingi, na wakati huo alikuwa akikaa kwa dada yake. Ni mpole hadi anaudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye atakayeomba radhi.

Huyu Yustus alikuwa amempata Anatolia, binti wa Mzee Byabato wa Ihembe. Siku ya kwenda kuposa ilikwisha kupangwa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, na msemaji wa upande wa muoaji angekuwa shemeji mtu mzima, Bwana Gaudiosus. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichokuwa si tayari ni betri.

Mara tatu katika wiki mbili nilikwenda kulibusti gari lile asubuhi kwa betri yangu. Betri ilikuwa bado nzuri, jenereta inachaji, lakini asubuhi hizo betri imelala. Mara ya nne nikawaambia waliache kwangu mchana kutwa. Nikafunga mita yangu, nikatazama umeme unavyotoka. Nikaona jambo. Gaudiosus akisimama karibu na gari, mita inapanda. Akivuka barabara kwenda kununua vocha, mita inashuka na kutulia. Akirudi, inapanda tena.

Nikamuuliza usiku anaweka wapi funguo. Akasema anaiacha kwenye koti, na koti linaning'inia msumarini ukutani chumbani. Na gari? Gari liko nje ya ukuta huohuo, chini ya dirisha, ili akikohoa mwizi ajue yuko macho. Basi nikaelewa. Kati ya funguo na gari hapakuwa na hatua mbili. Usiku kucha vinaitana: gari linauliza nani yupo, funguo inajibu ni mimi, gari linauliza tena. Vitu vinavyoitana usiku kucha vitakosaje kuchoka asubuhi?

Ningesema hivyo, mambo yangekwisha. Lakini kijiweni kwangu siku hiyo walikuwepo watu saba, wawili kati yao waendesha bodaboda wenye masikio makubwa, na hapo shetani wa ufasaha akanipanda.

"Bwana Gaudiosus," nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "gari lako halilali. Usiku kucha liko macho. Na nikupe siri: kikulacho ki nguoni mwako."

Nikanyoosha bisibisi kuelekea mfuko wa koti lake.

Wallahi nilimaanisha nguo. Funguo ilikuwa ndani ya nguo, inamla mwenye nguo. Ni mara ngapi maishani fundi anapata methali inayokaa sawasawa namna hiyo? Ila nyuma ya koti lile, hatua moja tu, alikuwa amesimama Yustus, ameshika waya zangu za kubusti. Gaudiosus akaifuata bisibisi kwa macho. Akageuka polepole. Akamtazama shemeji yake kutoka kichwani hadi miguuni.

Nilitaka kuendelea kueleza, akaniwekea mkono begani. "Basi, fundi. Usimalizie. Mwenye macho haambiwi tazama."

Akaondoka ameinamisha kichwa kama mtu aliyetoka kupokea ekaristi. Mimi nikabaki natabasamu. Nilijisikia vizuri siku nzima, na jioni nilimsimulia Shadya, nikamwonyesha hata jinsi nilivyonyoosha bisibisi.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, baada ya kuharibika. Gaudiosus alikwenda nyumbani na tafsiri yake. Gari halilali, maana yake linatoka usiku. Kikulacho ki nguoni, maana yake anayelitoa ni mtu wa ndani. Na wa ndani anayejua kuendesha ni mmoja. Akamnyang'anya Yustus ruhusa ya kugusa gari, akalisogeza mwenyewe hadi likagusa ukuta wa chumba, na funguo akaifunga kwa kitambaa kiunoni, akalala nayo. Asubuhi betri imekufa kuliko siku zote. Akaona ni ushahidi: kijana ana funguo ya pili.

Akaandika kilometa kwenye daftari. Asubuhi kilometa zilezile. Akasema kijana anajua kuzirudisha nyuma, si anafundisha hesabu? Akamwaga majivu kuzunguka matairi. Asubuhi majivu hayana alama. Akasema ona, hata kufagia anajua. Mtu akishaamua kukushuku, usafi wako pia ni kosa.

Siku ya tano alimwambia Yustus afungashe. Kisha akafanya jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alikaa mezani akamwandikia Mzee Byabato barua, na barua yenyewe ilikuwa ya masijala kabisa. Yah: Mwenendo wa kijana Yustus. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwamba kijana tajwa amebainika kutoka nyakati za usiku kwa usafiri usio wake, kuelekea kusikojulikana, na kwamba familia inasitisha posa hadi taarifa nyingine. Nakala: jalada.

Mwanamume anayetoka usiku kwenda kusikojulikana! Pale Ihembe barua ilisomwa na mjomba, ikasomwa na shangazi, na kabla ya jua kuzama Yustus alikuwa amepewa mwanamke kule Nkwenda, mwingine kule Murongo, na mtoto mmoja ng'ambo ya mto, Uganda.

Kesho yake Yustus akaja kijiweni na begi lake mgongoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unasafiri?"

"Naenda Kanoni kwa shangazi. Fundi, naomba kuuliza, kama si vibaya. Ulimwambia nini shemeji?"

Akanieleza yote, bila kupandisha sauti, na kila alipotaja methali yangu nilihisi joto linanipanda shingoni. Nikamuuliza yeye mwenyewe alisema nini alipofukuzwa. Akasema hakusema kitu, maana shemeji ni mkubwa na nyumba ni yake. Nikamuuliza Anatolia anasemaje. Akatazama chini. "Hapokei simu yangu."

Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa sikupata mtu mwingine wa kumkasirikia, nilikwenda nyumbani nikamkasirikia Shadya. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ungesema 'toa funguo mfukoni,'" akasema. "Maneno matatu. Wewe ukataka tisa."

Nikaenda kwa Gaudiosus. Nikamweleza sasa kwa utulivu, mita, funguo, ukuta, kuitana. Akanisikiliza kama anavyosikilizwa mtu aliyehongwa.

"Fundi, mbele ya watu saba ulisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguo, Bwana Gaudiosus! Koti! Nilimaanisha funguo!"

"Methali haiwezi kumaanisha funguo," akasema. "Wahenga hawakuwa na magari. Naona Yustus amekuja kukulilia ukamwonea huruma. Ni vizuri, lakini usiharibu neno lako."

Nikatoka nje. Uani Mama Edgar alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia chini chini: mzee akishalala, itoe funguo kwenye koti, itie kwenye kopo, ukaiweke kule jiko la nje, mbali na gari, kabla hajaamka irudishe. Hakuniangalia usoni. Aliendelea na maharage yake, akasema, "Nimesikia, fundi."

Na akafanya. Asubuhi ya kwanza gari likawaka. Ya pili likawaka. Wiki nzima linawaka hata kabla halijabonyezwa vizuri. Nikasema alhamdulillahi, sasa ataelewa. Siku ya nane Gaudiosus akanipungia mkono kutoka dirishani mwa gari, akiendesha mwenyewe kwa mwendo wa kobe, akasimama.

"Umeona, fundi? Tangu mwizi aondoke, gari linalala fofofo. Nimeandika methali yako mlangoni. Watu wanainakili."

Nilitamani kuling'ata gurudumu. Dawa yangu ilikuwa imemponya mgonjwa na kumhukumu asiyekosa. Kila asubuhi gari lilipowaka, Yustus alizidi kuwa mwizi, na aliyekuwa akiliwasha ni mimi.

Wakati huo Mzee Byabato alikuwa amejibu ile barua kwa mdomo, kupitia mtu anayeleta ndizi sokoni. Alisema karatasi haina macho. Gaudiosus aje mwenyewe Ihembe, Jumamosi ileile iliyopangwa, aseme mbele yake. Gaudiosus akapiga pasi suti. Nami nikarudi kwa Mama Edgar. Nikamwambia Alhamisi na Ijumaa asiiguse funguo. Aiache kwenye koti ilale hapohapo ukutani.

Jumamosi saa mbili asubuhi simu yangu ikaita. Nilikuwa nimekwisha kuvaa.

Nilimkuta Gaudiosus amesimama na suti yake kando ya gari lililokufa, uso umemshuka. Yustus alikuwa Kanoni siku ya kumi na moja, na kila mtu alijua hivyo. Nikachukua betri niliyokuja nayo, nikaifunga, nikaweka mita, nikamwambia atazame. Sikutumia methali hata moja.

"Vua koti. Mpe mama. Mama, nenda nalo migombani."

Mama Edgar akatembea na koti hadi migombani. Tukasubiri, mita ikashuka. Akarudi; mita ikapanda. Akaenda tena. Mara ya tatu Gaudiosus akalichukua koti mwenyewe, akaenda nalo hadi kwenye mgomba wa mwisho, akasimama huko akitupigia kelele, "Imeshuka?" Nikajibu imeshuka. Akakaa kule migombani muda mrefu.

Aliporudi alisema, "Kwa hiyo ni hitilafu ya kiufundi."

"Hitilafu ya kiufundi haikumwandikia Mzee Byabato barua," nikamjibu.

Akasema basi safari iahirishwe, atatuma barua nyingine ya kutengua ile ya kwanza. Mama Edgar, ambaye sikuwahi kumsikia akimkatisha mumewe, akafungua mlango wa nyuma akaingia na kuketi. "Tunakwenda leo," akasema. Mimi nikaendesha. Njiani, pale Omurushaka, nikampigia Yustus, nikamwambia achukue bodaboda atukute Ihembe, na asiulize kitu.

Kwa Mzee Byabato walikuwa wametusubiri wamejaa sebule nzima. Tukasalimia, tukasogezewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kila mtu akachukua punje zake. Yustus alifika wa mwisho, vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa karibu na mlango. Anatolia alikuwa upande wa akina mama, mrefu, amekunja mikono, na hakumtazama.

Gaudiosus akasimama. Alisema familia inapenda kutoa ufafanuzi. Alisema kumejitokeza sintofahamu iliyosababishwa na kifaa. Alisema ajali haina kinga, na kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba pande zote zina mafunzo ya kuchukua. Alisema mengi na yote yalikuwa mazuri. Neno moja tu lilikosekana, na alilizunguka kama mtu anayezunguka shimo la choo gizani.

"Waitu, ndugu yangu, sijaelewa," Mzee Byabato akasema. "Kijana alitoka usiku au hakutoka?"

"Taarifa za awali," Gaudiosus akasema, "zilihitaji kuboreshwa."

Hapo Yustus akasimama. Sebule nzima ikashtuka, kwa sababu siku ya posa muoaji ni kama gunia la kahawa: analetwa, anawekwa, hasemi. Mjomba mmoja akamwonyesha kiti. Yustus hakukaa.

"Mzee, mniwie radhi," akasema. "Sitaki shemeji anisemee. Naomba kubadilisha msemaji. Namtaka huyu fundi. Ila aseme kwa maneno ya kawaida."

Nilitazama nyuma yangu, labda kuna fundi mwingine. Mzee Byabato akaniuliza kama ninakubali. Mimi Mwislamu wa kwa Wapangani, niliyeharibu mambo kwa mdomo, naambiwa nifungue mdomo uleule! Nikasimama. Methali zikaja, nakuambieni, zilikuja kama senene kwenye taa, kila moja inang'aa, na zote nilizimeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufunga waya za lori zima.

"Yustus hakutoka usiku," nikasema. "Gari halikutoka. Funguo ilikuwa karibu na gari, ikawa inamaliza betri. Mimi nilijua, badala ya kusema wazi nikataka kusifiwa, nikasema maneno ya kujipamba. Kwa sababu yangu kijana huyu alifukuzwa na binti yenu akadharauliwa. Nimekosa. Yustus anamtaka Anatolia. Nimemaliza."

Sijawahi kutoa hotuba mbaya namna ile maishani mwangu. Mzee Byabato akatafuna kahawa yake, akameza, akamgeukia binti yake na kumuuliza kwa Kinyambo. Anatolia alimtazama Yustus kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Namtaka," akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Lakini tutakaa Kanoni."

Vigelegele vikapigwa. Mzee Byabato akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mashangazi wakaanza kucheka, vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, vikaingizwa na mimi nikaletewa soda. Gaudiosus alicheka kuliko wote, akisema jambo jema huwa halikosi vikwazo. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na sioni aibu kusema.

Katikati ya kelele zile Mama Edgar akanyanyuka kwenye mkeka, akavuka hadi mlangoni kwa mdogo wake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Yustus," akasema. "Mimi nalala upande wa dirisha. Gari lile likiwashwa kitanda kinatikisika. Halikuwashwa hata usiku mmoja. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Yustus alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la Anatolia. Liliondoka polepole.

"Najua, dada," akasema. "Shemeji hakujua, kwa hiyo nitamsamehe. Wewe ulijua."

Mama Edgar alisubiri kama kuna neno lingine. Akina mama wakaingia na sinia la ndizi na maharage, wakatukaribisha, na Gaudiosus akawa wa kwanza kunawa mikono.